Panya Wazima wa Gloriose

Mimi ni mtu wa kushuku na sioni haya kulisema. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa forodha pale mpakani Kavimvira, na visa alivyorudi navyo nyumbani, vya magunia yenye chini mbili na wanawake wenye mimba za sukari, vilinitosha maisha yangu yote. Basi siku kijana aitwaye Sylvestre alipoingia uani kwangu, mtaa wa Nyamianda, amevaa mabuti ya mpira ilhali jua linawaka, mkononi mitego ya bati, akasema anakamata panya wa watu bure, nilimtazama toka kichwani hadi miguuni. Bure! Mwaka ule wa 2013 hata salamu hazikuwa bure Uvira.

"Mama Domitille," akasema, "minye natoka ku centre ya recherche. Tunatafuta panya tu."

"Panya tu? Na bantu mutabatafuta siku gani?"

Alicheka. Mimi sikucheka.

Uwanda wa Ruzizi ulikuwa umewaka moto. Sisi Wafuliiru na Warundi wa uwandani, watu tulioazimana majembe na kuoana, tulikuwa tukiviziana kwa ajili ya uchifu, ng'ombe na ardhi, na kila upande ulikuwa na vijana wake wenye bunduki. Neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu ni moja: nani mwenyeji, nani wa kuja. Waliokimbia walishuka mjini na magunia yao ya mahindi na mihogo mikavu, wakajaa Nyamianda mpaka vyoo vikafurika. Mashamba yalibaki bila mvunaji, panya wakala walichoweza, kisha nao wakafuata magunia mjini.

Kiwanja changu kina nyumba ya mbele ninayokaa mimi, na nyuma yake vyumba viwili. Katika kimoja, cha sakafu ya udongo, alikaa mdogo wangu Félicien na mkewe Agnès. Cha pili nilikitia saruji nikidhani kitakuwa duka, lakini vita vilipokuja nikampangisha Gloriose Irankunda, mjane Mrundi kutoka uwandani. Mumewe, Ndayiragije, aliuawa njiani akitoka sokoni, na nyumba yao ikachomwa. Gloriose aliuza kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye kibao mbele ya mlango wake, na sikuona kabila lolote lililoikataa. Wanaume waliomtukana Mrundi asubuhi walikuja kumwomba kikombe jioni.

Félicien aliinywa siku moja, na kesho yake akaamka anachemka. Siku chache akawaka, akatoka jasho jingi, akapona kabisa akaanza hata kupanda juu ya paa kupigilia mabati. Tukasema ni malaria. Baada ya muda ikarudi. Zahanati wakampima malaria, hakuna. Wakampa dawa ya malaria hata hivyo. Ikaondoka, ikarudi tena, na kila ikirudi ilimwacha amepungua, mpaka shati lake likawa limetundikwa mifupani.

Agnès ndiye aliyelitamka kwanza, pale bombani, mbele ya wanawake wote: karuho.

Kwetu mtu akisikia neno hilo hataki maelezo zaidi. Ni sumu ya polepole, anakuwekea jirani kwenye pombe au chakula, nawe unakauka kidogo kidogo huku yeye akikuuliza umeamkaje. Kila mtaa una mganga wake wa kuitoa, na Félicien alikwisha kupelekwa kwa mmoja, akatapishwa mpaka akazimia. Sasa nani alimpa pombe? Gloriose. Gloriose ni nani? Mrundi aliyefiwa na mume. Kwa nini asilipize? Hesabu ikawa imekamilika, na hakuna aliyetaka kuirudia.

Baba mkubwa Gédéon, ndugu yake marehemu baba yetu na mkubwa wa ukoo, akatangaza kikao cha familia siku ya Mungu baada ya misa. Kila mtu alijua kitakachosemwa: Gloriose aondoke kwenye kiwanja. Ukisema hivyo inaonekana jambo dogo, mpangaji kuhamishwa. Lakini mwanamke aliyetolewa kwa neno la karuho hapokelewi na kiwanja kingine chochote Uvira. Ingembidi arudi uwandani kwa barabara ileile iliyomla mumewe, na vijana wa kwenye kizuizi wangekuwa wamekwisha kupata habari zake kabla hajafika. Hata Agnès alijua hivyo. Kila mmoja wetu alijua, tukawa tunasema tu "ahame".

Na mimi? Nilimshuku Gloriose kama nilivyomshuku kila mtu. Nilisimama nyuma ya dirisha lake nikamsikiliza akisali Kirundi. Nilichungulia mitungi yake. Nilimshuku Agnès pia, maana ndiye aliyempikia mumewe chakula cha usiku, na wake waliochoshwa na waume wagonjwa nimewaona. Sikupata kitu kokote, na hilo lilinitia hasira kuliko kama ningepata.

Kwa hiyo Sylvestre alipokuja na mitego yake nilimwuliza maswali mpaka jasho likamtoka. Akaeleza kwamba panya wa porini, wale wa mashamba yaliyoachwa, wanashuka majumbani na pengine wanashuka na vimelea vya magonjwa katika damu yao. Yeye anakamata wa mlimani na wa vyumbani, anachukua damu na kipande cha bandama, kisha mashine inatafuta humo vinasaba vya vimelea.

"Vinasaba njo nini?" Félicien akauliza. Alikuwa amekaa mlangoni amejifunika blanketi, ni siku ya homa.

"Ni kama maandishi ya ukoo, grand frère. Kila kidudu kiko na yake. Mashine inaisoma, tunajua kidudu iko ya ukoo gani na inatokea wapi." Kisha, mjinga wa Mungu, akaongeza: "Ata weye nikikupima damu leo, kama homa iko inawaka, nitajua."

Félicien akainuka na blanketi lake.

"Damu yangu? Usome ukoo yangu na kwenye natokea? Nani alikutuma? Leo munasoma ya panya, kesho mutasema nani iko mwenyeji na nani hapana! Toka na machine yako!"

Agnès akaitikia, majirani wakachungulia juu ya ua, na mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba wazungu ndio wanaotaka kujua damu ya nani ni ya wapi ili wagawe nchi. Sylvestre akaanza kukusanya mitego yake. Mimi nikamzuia. Nilifikiri hivi: kama ni mwongo nitamkamata, na kama si mwongo, panya hawana familia ya kuwakataza kutoa damu.

"Weka mitego," nikasema. "Hii parcelle yote, nyumba na uwanja, iko yangu. Weka kwa Félicien, weka kwa Gloriose, weka na kwangu."

Akatega kwa ndagala, dagaa wa ziwani, waliochanganywa na karanga za kusaga. Panya walikula vizuri kuliko sisi juma lile. Gloriose alimfungulia mlango, akasogeza mwenyewe magunia yake ili mitego iingie chini ya kitanda. Alinitazama akaniuliza polepole, "Mama bailleur, hii itanisaidia?" Mama bailleur ndivyo wapangaji wanavyotuita sisi wenye nyumba.

"Sijue," nikamjibu. Sikumdanganya.

Panya walipopatikana nilimfuata Sylvestre hadi kituo chake cha utafiti. Hakunialika. Nilisema kwamba waliotoka katika kiwanja changu ni wangu mpaka nijue wamefanywa nini. Nilitegemea kukuta mahali pa siri, nikakuta chumba kinachonuka dawa na jenereta inayokohoa nje, maana umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Akavaa glovu, akawapasua mmoja mmoja, kila kipande akakiweka katika kichupa kidogo na alama ya mahali panya alipotoka: kwa Félicien, kwa Gloriose, kwangu, mlimani. Nilisimama karibu nione asibadilishe.

"Iko wapi hiyo kidudu?" nikauliza. "Minye sione kitu."

"Haionekane, mama. Iko kidogo sana. Machine inachukua kipande cha maandishi yake, inaizidisha, inaizidisha tena, mpaka inakuwa mingi, njo inaonekana. Kama kidudu haiko, haina cha kuzidisha."

Hilo nililielewa mara moja, kwa kuwa ninaishi Nyamianda. Neno moja likisemwa bombani asubuhi, mchana mtaa mzima unalo. Tofauti ni kwamba mtaani linazidi hata pale ambapo halikuwepo. Nilimwambia hivyo, naye akacheka tena, na safari hii nilimwona ni mtoto wa watu tu, mwenye meno mazuri na suruali iliyochanika. Bado nilikaa mpaka jenereta ikazimwa.

Alirudi Alhamisi asubuhi na jibu. Laiti angeniita pembeni! Lakini alikuwa amefurahi kama mtu aliyeshinda mtihani, akasimama katikati ya ua na kulisema mbele ya Félicien, Agnès, baba mkubwa Gédéon aliyekuja kumwangalia mgonjwa, na majirani ambao masikio yao hayana ukuta.

"Si karuho," akasema. "Ni homa ya papasi."

Akaeleza vizuri, hilo nampa. Papasi ni wale kupe laini wa udongoni. Mchana wanajificha katika nyufa za sakafu, usiku wanatoka kunyonya damu ya aliyelala, kabla hajaamka wamekwisha kurudi shimoni. Wanauma panya, wanauma watu. Ndani yao mna kimelea cha homa inayokwenda na kurudi. Panya wa mlimani aliowapima, baadhi wanacho. Panya wa chumba cha Félicien karibu wote wanacho. Panya wangu mimi, mmoja.

"Na ya Gloriose?" baba mkubwa akauliza.

"Ya Gloriose haina kitu. Iko mizima yote." Sylvestre akatabasamu. Alidhani amemwokoa.

Niliona macho yakitembea kutoka uso mmoja hadi mwingine.

"Mizima?" Agnès akasema. "Panya ya mu chumba yangu inagonjwa, ya mulamu Domitille inagonjwa, ya mulima inagonjwa. Ya huyu mwanamuke peke yake iko mizima? Ju ya nini?"

"Ju ya sakafu, mama! Kwake iko ciment, papasi haina pa kujificha..."

"Ju ya sakafu," Agnès akarudia kwa dharau. "Mwenye kutega sumu anajua kukinga bake. Ata panya yake anaipa dawa!"

Watu wakaguna. Na hapo nikaelewa kwamba tumekwisha. Kama panya wa Gloriose wangekutwa na ugonjwa, wangesema ndiye anayewafuga na kuwatuma. Hawakukutwa nao, wamesema anawakinga. Hakukuwa na panya duniani ambaye angeweza kumtetea mwanamke yule. Sylvestre akaanza kueleza upya, akaingiza Kifaransa kama mtu anayezama, na kila neno la Kifaransa lilimharibia zaidi.

Alipoona mambo yamegeuka akanifuata nyumba ya mbele na pakiti ya vidonge. Alikuwa amezungumza na muuguzi wa zahanati, na muuguzi ndiye aliyeandika kipimo: tetrasiklini, asubuhi na jioni hadi viishe. Asinywe pamoja na maziwa, yanazuia dawa.

"Na mama, sikiliza. Dose ya kwanza itamutetemesha. Vidudu bikikufa pamoja, mwili inashituka. Homa itapanda sana, kiisha itashuka. Musiogope. Mupe maji mingi, na muuguzi akuye kumwangalia."

Nilimpelekea Félicien mwenyewe, kiganjani, na kikombe cha maji.

"Yaya," akaniambia, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "ile dawa inatoka kwa muntu wa panya?"

"Inatoka ku dispensaire."

"Nani aliileta?"

Nikainamia kikombe cha maji, na kwa Félicien hilo lilitosha, maana tumelelewa nyumba moja. Akasukuma mkono wangu. Vidonge vikatawanyika kwenye udongo, na Agnès akavitazama asiviokote. Niliviokota mimi. Nilikuwa na hasira: mwanaume mzima, amebaki ngozi, anakataa kupona kwa sababu ya ubishi.

Mimi ndiye niliyempikia Félicien uji wa saa nne tangu alipoanza kuumwa. Agnès alikwenda sokoni saa hizo. Siku zote niliupika kwa maziwa yanayoshuka kutoka milima ya Mulenge, maana aliyapenda tangu utotoni. Siku ile nikaupika kwa maji na ndimu, nikaponda kidonge, nikamwaga unga wake ndani, nikakoroga na sukari mpaka uchungu ukafa. Niliogopa? Niliogopa sana. Lakini sikuona njia nyingine.

"Buyi haina maziwa leo," akalalamika.

"Maziwa haikushuka. Barabara imefungwa."

Akaunywa wote.

Kabla ya adhuhuri alianza kutetemeka. Nilikuwa nimeambiwa, nami nikajiambia nimeambiwa, lakini hakuna maneno yanayoweza kukuandaa kwa kitanda kinachogonga ukuta. Meno yalikuwa yakigongana, midomo ikawa buluu, akaniita mama, na mama yetu ameshazikwa. Nilimnywesha maji, nikampangusa, nikamtuma mtoto wa jirani kumwita muuguzi, na ndani yangu nikamlaani Sylvestre na kizazi chake. Nilisema: Domitille, maisha yako yote hukumwamini mtu, na siku moja uliyoamini umemuua ndugu yako.

Agnès aliingia akitoka sokoni akamwona, akaangusha kikapu.

"Gloriose!" akapiga kelele. "Anamumaliza! Amesikia tunataka kumufukuza, anamumaliza!"

Ua ukajaa. Vijana wa mtaa wakaja na fimbo, na mmoja alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitenge, sikutaka kujua ni nini. Gloriose alikuwa amejifungia. Nilisimama mbele ya mlango wake na mwiko wa uji bado mkononi, nikawaambia kwamba nyumba ni yangu na atakayevunja mlango wangu ataujenga upya. Ilisaidia kwa muda. Baba mkubwa Gédéon akawatuliza kwa ahadi: kikao hakitangoji siku ya Mungu. Kesho asubuhi.

Muuguzi alifika, akakaa, akapima, akasema tungoje. Jua lilipoanza kuinama Félicien alitoka jasho lililolowesha godoro, akalala kama mtoto. Asubuhi homa haikuwepo. Nikampa uji mwingine, wa maji tena, na akauomba wa pili.

Kikao kilifanyika barazani kwangu. Gloriose aliitwa, akakaa chini kwenye mkeka ingawa kulikuwa na kiti. Alikuwa ameshafunga vitu vyake katika shuka moja, ameliweka miguuni. Uso wake haukuwa na machozi wala ombi. Alikuwa amevaa viatu vya kufunga kamba, viatu vya safari.

Félicien akaja kwa miguu yake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Akaketi, akapumua, akasema:

"Baba mukubwa, minye niseme fupi. Jana huyu mwanamuke alisikia kikao kinakuya, akanikaza sana, nikakaribia kufwa. Leo amejua anatoka, ameachilia mukono. Muone, niko muzima. Mutu anataka preuve gani ingine?"

Hakuna aliyetaka ushahidi mwingine. Baba mkubwa akatikisa kichwa polepole, akamgeukia Gloriose, akavuta pumzi ya kutoa neno.

Nilijua nikinyamaza nitabaki dada. Nilijua pia kwamba kabla ya jioni mwanamke yule atakuwa kwenye barabara ya uwandani na shuka lake. Sikuwahi kumpenda hasa Gloriose. Alikuwa na kiburi kidogo, na kasiksi yake aliichanganya maji siku za soko. Lakini nilikuwa nimemchunguza kuliko mtu yeyote uani pale, nikitafuta ubaya kwa juhudi zangu zote, na sikuupata.

"Ni minye," nikasema.

Baba mkubwa akanitazama. "Weye nini, Domitille?"

Nikatoa pakiti kwenye kitenge changu nikaiweka mbele yake. "Ile dawa alikataa, niliiweka mu buyi yake. Jana na leo. Dawa njo ilimutetemesha, dawa njo imemuponyesha. Gloriose hajui kitu. Muulize muuguzi kama hii dawa inafanya vile."

Niliona uso wa ndugu yangu ukibadilika. Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa, na mkono wake ukaenda tumboni wenyewe.

"Yaya," akasema. "Uliniwekea kitu mu chakula?"

"Dawa, Félicien."

"Na ukaniambia maziwa haikushuka."

Agnès akasogeza kiti chake mbali nami, kidogo tu, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu. Mjomba mmoja kutoka kona akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, kama ni tangu jana kweli au ni tangu zamani, kwa kuwa uji huo nimeupika tangu homa ya kwanza. Nikaapa kwa jina la mama. Nilivyozidi kuapa ndivyo nilivyojisikia nafanana na kila mwongo aliyewahi kusimama mbele ya marehemu mume wangu.

Baba mkubwa Gédéon ni mtu mwenye akili, na akili yake yote iko katika kuulinda ukoo. Akapima. Kumfukuza Gloriose sasa kungemaanisha kuuliza kwanza nani hasa aliyetia mkono kwenye chakula cha Félicien, na mkono uliokiri ulikuwa wa binti wa ndugu yake. Mtaa mzima ulikuwa unasikiliza nje ya ua.

"Mambo ya mu nyumba ibakie mu nyumba," akasema hatimaye. "Mugonjwa amepona. Mwanamuke abakie kwake. Kikao kimekwisha. Na nisisikie neno karuho mu hii parcelle tena."

Ukweli haukumwokoa Gloriose, aibu yetu ndiyo iliyomwokoa. Lakini alibaki. Aliliinua shuka lake, akarudi chumbani, nikasikia akivua viatu.

Félicien alimaliza vidonge vyake, akipewa na muuguzi mkono kwa mkono. Nilichimbua sakafu yake, Sylvestre akanyunyiza dawa kwenye nyufa, nikamwaga saruji. Papasi waliotoka mle, wa rangi ya udongo, wamenona, niliwaonyesha kila mtu aliyetaka kuona na hata asiyetaka. Félicien akawatazama akasema, "Ee, yaya, kumbe." Basi. Homa haikurudi tena mpaka leo.

Ila hajala tena mkononi mwangu. Ananisalimu vizuri, ananiita yaya, akipata samaki ananiletea. Nikimkaribisha mezani anasema ameshiba, na ninasikia Agnès akimpakulia dakika chache baadaye. Inaniuma, sitaficha. Niliyemlisha kwa kijiko alipokuwa hana meno, leo ananikagua mikono.

Wiki ile ya sakafu nilipika sombe, majani ya muhogo, nikaitwanga mwenyewe, nikaitia ndagala na mawese, nikampelekea Gloriose sahani kubwa. Nilifikiri yeye angalau. Alinipokea mlangoni, akaishika sahani kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao. "Urakoze cane, mama bailleur. Mungu akubariki." Macho yake yalikuwa na machozi, na ninaamini yalikuwa ya kweli.

Baadaye nilizunguka nyuma ya vyumba kuchukua ufagio. Gloriose alikuwa pale, sahani yangu tupu mkononi, na kuku wake watatu wakigombania sombe chini. Hakuwa anawafukuza wala kuwaita. Alikuwa amesimama tu, akiwatazama aone kama watakufa.

Nilirudi kinyumenyume asinione. Kuku hawakufa, bila shaka. Nami niliketi jikoni kwangu nikangoja, maana nilijua atachelewa kurudisha sahani.